Mke Mgeni na Hati ya Uraia: Ni Haki Yake au Ni Hisani ya Mumewe?

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ambaye kwa hikima yake aliwafanya wanaadamu kuwa mataifa na makabila mbalimbali. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, aliyeuhama mji alioupenda, na jamaa zake na sahaba zake, waliohama na waliowapokea wahamaji.

Ama baad. Njia kuu itokayo Dar es Salaam hata Tunduma, mpakani mwa Zambia, watu wa pwani waijua kama waijuavyo njia ya msikitini. Tangu mwisho wa mwaka 1965, pale wazungu wa Rhodesia walipojitangazia dola yao na Zambia ikapungukiwa na mafuta, magari ya shehena hayakukoma kuipita, na katika wenye kuyaendesha wamo wana wa miji ya pwani. Akiisha kupanda Kitonga na kuukaribia mji wa Iringa, msafiri hufika Ipogolo, chini ya kilima ambacho mji umekaa juu yake, karibu na maji ya Ruaha Mdogo. Hapo njia hugawanyika: mwenye shughuli mjini hupanda mlima, na mwenye kwenda Mbeya hushika mbele. Ni mahali pa kupumzisha gari, pa kula na pa kulala; na palipo malazi hapakosi nyumba, na palipo nyumba hapakosi ndoa. Na wanaume ambao kazi yao ni kuvuka mipaka, si ajabu wakaoa ng'ambo ya mpaka.

Na upigwe mfano wa mtu mmoja wa hali hiyo, asiyetajwa jina kwa kuwa ni mfano tu, wala hakukusudiwa mtu. Ni raia wa Tanzania, mzaliwa wa pwani, dereva. Ameoa mwanamke wa Zambia kwa ndoa ya halali: walii yupo, mashahidi wawili wapo, mahari yametolewa. Amemleta Ipogolo, amemjengea nyumba ya vyumba vitatu, na Mwenyezi Mungu amewaruzuku watoto. Mwanamke yule akaa nchini kwa pasi ya mtegemezi, iliyotolewa kwa kutazama jina la mumewe. Mara kwa mara humwuliza, "Baba Fulani, ile khabari ya uraia umeifikisha wapi?" Naye humjibu, "Mama Fulani, wewe una mume na una nyumba. Karatasi ya nini tena?" Kisha huwasha gari akaenda zake Lubumbashi.

Masala yenyewe ni haya: je, mume yule amekosa mbele ya Mwenyezi Mungu, au ameacha jambo la hisani tu, ambalo kulifanya ni thawabu na kuliacha si dhambi?

Wengi wakiulizwa hujibu upesi kwamba ni hisani. Husema kuwa haki za mke walizozihesabu mafakihi ni mahari, chakula, mavazi, makao, na kukaa naye kwa wema, na mwenye wake zaidi ya mmoja agawe siku kwa uadilifu. Na hapana kitabu cha fikihi, kidogo wala kikubwa, kilichohesabu karatasi ya serikali. Hilo ni kweli kwa dhahiri yake. Walakini kabla ya kuhukumu yapasa kujua sheria ya nchi yasemaje, kwani mwenye kutoa hukumu juu ya kitu asichokijua ni kama mwenye kukata nguo gizani.

Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995, ambayo ni Sura ya 357 katika sheria za nchi, haimfanyi mwanamke kuwa raia kwa kuolewa tu. Nikahi peke yake haibadili uraia. Lakini yampa mke wa raia haki wasiyokuwa nayo wageni wengine: aweza kumwomba Waziri, kwa namna iliyowekwa, apewe uraia wa tajinisi pasina kungoja miaka wanayongojeshwa wengine. Mgeni mwingine hutakiwa awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa jumla ya miaka 7. Tena ajue Kiswahili au Kiingereza, awe na mwenendo mwema, na awe na nia ya kuendelea kukaa. Mke wa raia ameepushwa na njia hiyo ndefu, akafunguliwa mlango wa karibu.

Mlango huo una kizingiti, na hapo ndipo penye roho ya masala. Sheria imesema kwamba haki hiyo ni ya mwanamke aliyeolewa na raia, na kwamba aweza kuidai wakati wowote katika uhai wa mumewe. Katika uhai wa mumewe! Mume akifa na ombi halijapelekwa, haki ile imeingia kaburini pamoja naye. Na mke akiachwa ni vivyo hivyo, kwani si mke tena. Hapo hana budi kurudi kwenye njia ndefu pamoja na wageni wote, au kurudi alikotoka.

Na watoto? Watoto ni raia kwa baba yao. Basi huwa nyumba moja ina raia watupu na mgeni mmoja, na mgeni ndiye mama. Na nyumba yenyewe? Mwenyezi Mungu katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 12, amemwekea mjane thumni, yaani fungu moja katika manane, ikiwa marehemu ameacha watoto, na robo ikiwa hakuacha. Hapana mwenye ruhusa ya kulipunguza fungu hilo. Lakini Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimgawii ardhi asiye raia illa kwa ajili ya uwekezaji. Basi thumni ya mjane mgeni katika kiwanja cha Ipogolo, ambayo kwa sharia ya Mungu ni haki yake tangu mumewe alipokata roho, yaweza kuingizwa katika mabishano ya ofisi na mahakama. Na mashemeji wa pwani, ambao kwa miaka kumi hawakuijua njia ya Iringa, huijua siku ile.

Hapo ndipo lile jibu la upesi linapoanguka. Makao ni wajibu wa mume. Hapana khitilafu katika hilo. Katika Sura ya At-Talaq, aya ya 6, hata mwanamke aliyeachwa na yumo katika eda ameamrishwa akalishwe pale anapokaa mume kwa kadiri ya uwezo wake, wala asitaabishwe mpaka akaona dhiki. Ikiwa hivyo ndivyo kwa aliyeachwa, sembuse kwa aliye ndani ya ndoa? Na katika zama hizi makao si kuta na mapaa tu. Mwanamke aliyewekwa ndani ya kuta nzuri, juu ya ruhusa ambayo yamtegemea mtu mmoja mwenye kulala njiani siku ishirini katika mwezi, hakukalishwa. Amewekwa kama mzigo unaongoja mwenyewe. Wanachuoni wa usuli wana kanuni mashuhuri kwamba jambo la wajibu likiwa halitimii illa kwa jambo jingine, na lile jingine huwa wajibu. Kwa kanuni hii, hati ya uraia kwa mke mgeni anayeitaka, ilhali mume ana uwezo wa kumsaidia kuipata, imetoka katika hisani ikaingia katika haki za makao.

Yuko atakayesema: Uislamu haukuleta pasipoti, ardhi ni ya Mungu, na mipaka ni ya wazungu. Kwamba mipaka hii ilichorwa na wazungu ni kweli. Mstari wa huko Tunduma ulipatanwa na Waingereza na Wajerumani katika mwaka 1890, wala mwenye ardhi hakuulizwa. Lakini kwamba Uislamu haujui mapatano ya nani avuke na nani arudishwe, hilo si kweli, na mwenye kulisema ameisahau Hudaybiya.

Katika mwaka wa 6 wa Hijra, nao ni mwaka 628 wa Milaadi, Mtume (s.a.w.) alipatana na Makureshi, na katika masharti yao ilikuwa kwamba mtu atakayetoka Makka bila ya idhini ya walii wake akaja Madina, hata akiwa Mwislamu, atarudishwa. Wino haujakauka, akatokea Abu Jandal akijikokota na minyororo, amewatoroka watu wake. Aliyekuwa akifunga mapatano kwa upande wa Makureshi alikuwa ni Suhayl bin Amr, baba yake mwenyewe. Waislamu walilia kwa uchungu, na Abu Jandal akarudishwa. Ahadi ilikuwa nzito kuliko machozi ya watu wote waliokuwapo. Basi Mwislamu mwenye kuishi katika nchi kwa mapatano na dola yake, akamficha mkewe asionekane na maafisa, au akampenyezea karani fedha ili asiulizwe, asidai kwamba ameutetea Uislamu. Kuficha ni kuvunja ahadi, na kupenyeza ni rushwa. Na hukumu ya rushwa wajulikana na wote.

Walakini kisa cha Hudaybiya hakikuishia kwa Abu Jandal. Baada yake alihama mwanamke, Ummu Kulthum binti Uqba, akatoka Makka peke yake mpaka Madina, na ndugu zake wawili wakamfuata kutaka arudishwe. Ndipo iliposhuka aya ya 10 ya Sura ya Al-Mumtahina, ikaamrisha kwamba wanawake waumini wanaohama watahiniwe, na ikijulikana kuwa ni waumini wasirudishwe. Na waume waliowaacha huko nyuma warudishiwe mahari waliyoyatoa. Hakurudishwa. Na mtihani huo, kama ulivyopokewa kwa Ibn Abbas, ulikuwa ni kumwapisha mwanamke kwamba hakutoka kwa kumchukia mume, wala kwa kutamani ardhi nyingine, wala kwa kuitafuta dunia, bali ametoka kwa kumpenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake.

Katika kisa hiki mna mambo mawili ambayo mume wa Ipogolo angefaa kuyafikiri gari linapopoa. La kwanza, kuhojiwa kwa mhamiaji si udhalilifu. Mke akiulizwa na ofisa amekuja lini, kwa nini, na ana nia gani, ameulizwa kwa namna walivyoulizwa waliokuwa bora kuliko yeye. La pili ni kubwa zaidi: aliyeulizwa ni mwanamke mwenyewe. Nia iliyopimwa ni nia yake, kiapo ni chake, na haki ya kukaa Madina ilikuwa yake. Ummu Kulthum alikuja hana mume; akaolewa baadaye na Zayd bin Haritha, na Zayd akafa, na Ummu Kulthum akabaki kuwa mtu wa Madina. Hakukaa pale kwa jina la mtu.

Ama mume anayechelewa kwa usahaulifu au kwa uvivu, na wako wengi, huyo hukumu yake ni ya mwenye deni aliye na mali: kuchelewesha kwake ni dhulma, na toba yake ni kulipa. Lakini yuko mwingine, na kwa ajili yake khasa yafaa maneno yawe mazito. Huyu hakusahau. Karatasi ameiacha makusudi, kwa kuwa kila pakitokea ugomvi yeye husema: "Nyamaza, au nitakurudisha kwenu." Amemfunga mwanamke kwa kamba ambayo majirani hawaioni. Mwanamke huyo hathubutu kudai masurufu yake, hathubutu kwenda kwa kadhi, hathubutu hata kutaka khului, kwani siku atakayotoka katika ndoa ndiyo siku atakayotengwa na watoto wake kwa mpaka. Qur'ani imelikataza jambo hili waziwazi katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 231, pale waume walipokatazwa wasiwashike wake kwa kuwadhuru. Na mwenye kufanya hivyo ameambiwa kuwa amejidhulumu nafsi yake. Aya ile ilishuka kwa watu waliokuwa wakiwarejea wake zao katika eda ili kuwarefushia taabu. Chombo cha wakati ule kilikuwa ni kurejea. Chombo cha leo ni karatasi isiyopelekwa. Dhulma ni ile ile.

Husemwa kwa kujitetea: "Nikimpa uraia ataniacha." Neno "nikimpa" lina kosa ndani yake. Uraia hautolewi na mume. Hutolewa na Waziri, na haki ya kuomba ni ya mke. Mume hana zaidi ya kusimama naye, kutoa cheti cha ndoa, na kuthibitisha uraia wake yeye. Na cheti hicho chataka kutazamwa, kwani ndoa za njiani aghalabu huishia kwa fatiha na halua. Kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ndoa isiyoandikishwa haibatiliki kwa sababu hiyo tu, na kwa sharia ya Kiislamu ni sahihi kabisa. Lakini mke asiye na cheti ataithibitishaje mbele ya Idara ya Uhamiaji? Mashahidi wawili, mmoja yuko Kapiri Mposhi na mwingine amekufa.

Liko shaka jingine ambalo humpata mwanamke mwenyewe, nalo lastahiki heshima zaidi kuliko udhuru wa mume. Sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili. Mwenye kupewa uraia huapa kiapo cha utii, na huukana ule wa zamani. Mwanamke huuliza: je, nikiikana nchi ya baba yangu, nimemkana baba yangu?

Hapana. Nasaba haikanwi wala haiuzwi, na katika Uislamu mke hubaki binti wa baba yake; haitwi kwa jina la mumewe, wala mali yake haichanganyiki na ya mume. Waingereza ndio waliokuwa na sheria, ile ya mwaka 1914, iliyomhesabu mke kuwa raia wa dola ya mumewe, apende asipende. Na Mwingereza aliyeolewa na mgeni alihesabiwa mgeni. Hawakuiacha kabisa illa kwa sheria yao ya mwaka 1948. Kiapo cha mke aliyeomba kwa khiari yake si kama hicho. Ni ahadi na dola, na ahadi ni jambo la kutimizwa. Lakini haikati udugu. Mtume (s.a.w.) aliipenda Makka, na alipotolewa aligeuka akaitazama kwa huzuni. Alipoifungua katika mwaka wa 8 wa Hijra, Ansari waliingiwa na khofu kwamba atawaacha abaki kwao. Hakubaki. Alirudi Madina kwa watu aliofungamana nao, akaishi kwao, akafia kwao, na mapenzi yake kwa Makka hayakupungua. Basi mke akiisha kuapa, mume asije akasema, "Wewe sasa ni mtu wa hapa, Zambia una nini?" Wazee wake wana haki ya kuzuriwa na kusaidiwa, na kuunga ukoo hakuvuliwi kwa hati yoyote.

Yafaa pia kutajwa, kwa uadilifu, kwamba mlango wa karibu umefunguliwa kwa mke tu. Mwanamke wa Iringa aliyeolewa na Mcomoro au Mmalawi, mumewe huyo hana haki hii. Yeye hupita njia ya miaka pamoja na wageni wengine. Kenya nayo ilikuwa hivyo, mpaka Katiba yao ya mwaka 2010 ilipowapa mume na mke haki moja, baada ya ndoa kutimiza miaka 7; na sheria iliyofuata, ya mwaka 2011, ikawakumbuka na wajane. Wenye kuiandika sheria ya Tanzania wangeweza kulitazama hilo la wajane kabla ya yote, kwani hapana haki ya kuning'inizwa juu ya pumzi za mtu mwingine. Lakini sheria haijabadilika, na mume hawezi kungoja bunge.

Ama ndoa za kukodi, ambazo mtu hulipwa fedha ili aitwe mume mbele ya ofisi kisha waachane, mafakihi wa Kishafii husema kwamba ikiwa muda umetajwa ndani ya akdi, nikahi ni batili. Na ikiwa umefichwa moyoni tu, akdi yaweza kusihi kwa dhahiri yake, na nia mbaya i juu ya mwenyewe. Lakini kumwambia ofisa kwamba huyu ni mke wangu kwa makusudio ya kumdanganya ni ushahidi wa uwongo, na hiyo ni katika madhambi makubwa. Wala haifai kumpima kwa kipimo hicho mwanamke aliyezaa, aliyelea, na aliyekesha akingoja taa za gari zishuke mlima.

Na arejewe mwanamke huyo. Ijaaliwe kwamba gari halikurudi. Limepinduka huko Mbeya, na maiti imeletwa na kuzikwa. Sasa yumo katika eda, miezi minne na siku kumi. Furaya binti Malik alifiwa na mumewe katika nyumba isiyokuwa milki yake, akamwendea Mtume (s.a.w.) kutaka ruhusa ya kuhamia kwa jamaa zake, akaamrishwa akae katika nyumba ile ile aliyofikiwa na khabari ya kifo, mpaka muda utimie. Hiyo ndiyo sharia ya mjane: asitoke. Na pasi yake ya mtegemezi imeandikwa kwa kumtegemea mtu ambaye yu chini ya ardhi, na ina tarehe yake ya mwisho, isiyojua eda. Sharia yamwambia akae. Karatasi yamwambia aondoke. Na ile fomu, aliyoiomba mara nyingi, imo katika sanduku la marehemu, chini ya stakabadhi za mafuta, haijajazwa hata jina.